Je, wajua kwa nini stering isiyo na pawa si kitu kimoja na stering iliyokatwa pawa?

Jamaa yangu wa Kisumu alinipigia simu Ijumaa usiku na furaha ya mtu ambaye hesabu yake ya mshahara haijakaa sawa. Amepata gari. Mazda MX-5 ya 1991, ile ya kwanza kabisa ya taa zinazoinuka kama macho ya chura, nyekundu, iko Milimani, na muuzaji amemshushia bei kwa sababu haina pawa stering, ati "ilitoka kiwandani hivyo boss, hizi ndio zile za madereva wa ukweli". Sasa yeye alitaka nimwambie kitu kimoja tu, kwenye gari ya spoti ya zamani ni afadhali iwe na pawa ama isiwe nayo, juu kila mtu aliyemuuliza pale Kondele alikuwa na jibu lake na hayo majibu yote yalikuwa yanagombana.

Nikamwambia asilipe hata shilingi, kesho nakuja.

Kabla ya kufika Kisumu wacha tuelewane kitu. Chukua gari lolote la zamani lisilo na pawa, lisimamishe kwenye lami, halafu jaribu kukata stering mpaka mwisho. Mpira unalia chini, mabega yanapanda, jasho linaanza. Sasa mwambie mtu alisukume, hata mwendo wa mtu anayeenda dukani bila haraka, ukate tena. Inazunguka kama imepakwa mafuta. Gari ni lile lile, uzito ni ule ule, kwa hivyo nini kimebadilika? Ni kwamba tairi inagusa barabara kwa kipande kidogo tu, kama ukubwa wa kiganja, na gari ikiwa imesimama hicho kipande unakisokota palepale kama mtu anayezima sigara kwa kiatu. Ikianza kuzunguka, mpira mpya unaingia kila mara na ule uliosokotwa unatoka, huna tena haja ya kupigana na lami. Ndio maana mtu anayeijaribu gari kwenye paking ya supamaketi atakwambia ni mateso, na yule yule ukimpa kona za Kericho kwenye majani chai haamini ni gari ile ile.

Kiwandani walijua haya yote, na hapa ndipo watu wengi hukosea, wanafikiri stering ya mkono, yaani isiyo na pawa, ni ile ya pawa ikiwa imetolewa pampu. Hapana. Inazaliwa tofauti. Kwenye hiyo MX-5 ya kwanza, reki ya pawa (reki ni ule upau wa meno unaosukuma magurudumu kukata) ina uwiano wa 15 kwa 1, yaani ukizungusha stering nyuzi 15 magurudumu yanakata nyuzi 1, na reki ya mkono ni 18 kwa 1. Ya pawa inatoka mwisho mpaka mwisho kwa mizunguko kama 2.8 na ya mkono inachukua zaidi ya 3. Ni kama kufungua nati iliyoshika kwa spana ndefu, mkono unasafiri mbali lakini nati inatoka bila kelele. Fundi wa kiwandani alikupa spana ndefu kwa sababu alijua uko peke yako.

Halafu kuna kasta. Ukitaka kuielewa angalia bodaboda kwa ubavu, ile foki ya mbele haijasimama wima, imelala kidogo kurudi nyuma, na hiyo kulala ndio hufanya piki ijinyooshe yenyewe ukitoka kona. Gari nalo liko na hiyo pembe, huioni tu. Kasta ikiwa nyingi gari linatulia kwa mwendo lakini stering inakuwa nzito, kwa hivyo magari ya stering ya mkono mara nyingi hupewa kasta ndogo, na yale ya pawa yanapewa nyingi kwa sababu kuna pampu ya kubeba mzigo.

Sasa Milimani. Gari ni safi kwa macho, viti vimeshonwa upya, na muuzaji ni mtu wa maneno matamu. Nikalala chini na tochi ya simu. Pale kwenye reki, mahali shafti ya stering inaingilia, nikaona bolti fupi zimekazwa kwenye matundu ya paipu, na pembeni oili ya zamani imeshika vumbi mpaka ikawa kama ugali uliokauka kwenye sufuria. Stering ya mkono ya kiwandani haina hayo matundu, ya nini? Nikafungua boneti, braketi ya pampu iko, pampu hakuna. Hii haikuzaliwa bila pawa, ilikatwa. Nilimwonyesha muuzaji akasema yeye pia aliinunua hivyo, na huenda ni ukweli.

Tofauti iko wapi? Pawa ya haidroliki, ile ya oili, inafanya kazi hivi: kati ya shafti ya stering na pinioni, ile gia ndogo inayosukuma reki, kuna kijiti cha chuma chembamba ambacho hujipinda kidogo ukikata stering. Huko kujipinda ndiko kunafungua vali, oili yenye presha kutoka kwa pampu inakimbilia upande mmoja wa pistoni iliyo ndani ya reki na kukusukumia. Ukiacha kukata kijiti kinanyooka, vali inarudi katikati, oili inazunguka tu kurudi kwa tangi lake. Wazo la zamani hilo, Mmarekani Francis Davis alikuwa ashalijaribu kwenye gari la Pierce-Arrow mwaka wa 1926, ingawa watu wa kawaida hawakuweza kulinunua kwenye gari mpaka Chrysler Imperial ya 1951.

Ukikata pampu na kuziba matundu, kila kitu kingine kinabaki. Pistoni bado iko ndani, kwa hivyo kila ukikata kona unasukuma oili au hewa iliyobaki kwa njia nyembamba, ni kama kuvuta pampu ya baiskeli na umeziba mdomo kwa kidole. Kijiti bado kinajipinda, kwa hivyo stering inakuwa na plei, yaani ulegevu, kidogo hapo katikati kabla magurudumu hayajasikia. Uwiano bado ni ule wa 15 kwa 1, spana fupi. Na kasta mara nyingi imeachwa ile ya pawa. Yaani umebaki na uzito wote wa stering ya mkono na hakuna hata moja ya raha zake, halafu mtu anakuuzia hiyo kama ya madereva wa ukweli.

Kuna njia ya kukata vizuri, isije ikaonekana napinga kila kitu. Reki inafunguliwa kabisa, ile sili ya pistoni inatolewa ili hewa ipite bila kuzuiwa, kijiti kinachomelewa kwa pinioni ili plei iishe, ndani panapakwa grisi, halafu unaenda alaimenti wakupunguzie kasta kidogo. Hiyo ni kazi ya siku nzima ya fundi mwenye subira, na kuchomelea kitu cha stering si mahali pa kumpa kijana anayejifunza. Kutoa mkanda tu na kusema imekuwa ya mkono, hiyo si kazi. Na tukiwa hapo kwa mkanda: kwenye MX-5 hii mkanda wa pampu ya stering ni wake na wa eesii (AC), ule wa maji na oltaneta uko kando, kwa hivyo kuukata hakuui injini. Kuna magari mengine mkanda mmoja unazungusha kila kitu mpaka pampu ya maji, ukikata huo unafika Salgaa na injini imechemka.

Basi ni ipi afadhali? Kwangu mimi ya kwanza ya kuangalia ni uzito wa mbele, sio uanaume wako. Porsche 911 ilianza kuuzwa miaka ya 1960 na haikupewa pawa mpaka ile ya 964 iliyokuja 1989, na hakuna aliyelia, kwa sababu injini iko nyuma na magurudumu ya mbele hayajabeba mzigo mkubwa. Datsun 240Z haikuwa na pawa na ndiyo iliyoshinda Safari Rally 1971 na dereva Edgar Herrmann, ikarudi ikashinda 1973 na Shekhar Mehta, na Safari ya siku hizo haikuwa ya kuzunguka Naivasha, ilikuwa maelfu ya kilomita za matope na mawe. MX-5 nayo haifiki tani moja na tairi zake za kiwandani zina upana wa milimita 185 tu. Gari kama hilo, likiwa na reki ya mkono ya kiwandani, ningelichukua bila kuuliza mara mbili.

Kwa sababu kuna kitu stering ya mkono hukwambia ambacho pawa nyingi hukificha. Tairi ikikaribia kuteleza stering huwa nyepesi ghafla mkononi, kabla gari lenyewe halijaenda. Mvua ya saa tisa ikikupata huko Kericho lami ikiwa inang'aa, huo wepesi ni kama mtu amekugusa bega akakwambia pole pole.

Lakini usidanganywe pia, hiyo mawasiliano inakuja na mapigo. Gurudumu likiingia shimo stering inakurudia mkononi kwa nguvu, na ndio maana wazee waliofunza watu kuendesha Land Rover na Peugeot 504 walisisitiza dole gumba likae juu ya duara, lisiingie ndani kwenye mikono ya stering, maana likikamatwa huko linavunjika. Oili ya pawa humeza sehemu kubwa ya hayo mapigo. Mtu anayeishi barabara ya murram huko Njoro ndani na ana gari la kila siku, pawa si anasa kwake. Na ndugu zangu wa Subaru, zile Impreza za injini imening'inia mbele ya ekseli, na mmeongeza tairi pana na rimu zinazotokeza nje, tafadhali acheni pampu mahali ilipo.

Jambo lingine, kabla mtu hajalaumu stering kwa uzito apime upepo kwanza. Tairi ya mbele iliyoshuka inafanya stering yoyote iwe nzito. Halafu inua mbele yote kwa jeki, kata stering magurudumu yakiwa hewani. Inafaa iende kwa vidole viwili. Ikikataa, shida ni boljointi iliyokauka au ile jointi ya shafti iliyoshika kutu, na hata ukirudisha pawa utakuwa umefunika tu ugonjwa.

Tulifanya hiyo ya jeki pale Milimani, ikaenda vizuri kiasi. Jamaa akashusha bei mara ya pili, muuzaji akanung'unika akakubali. Makubaliano yetu yakawa gari liende Nakuru, kwa fundi ninayemwamini, atafute reki na pampu ya mtumba airudishe ilivyozaliwa.

Kama kilomita 180 hivi. Ahero, Awasi, Kericho, Mau Summit, jamaa anaendesha na mimi nimeshika mlango. Kufika kwa majani chai alikuwa ashaanza kubadilisha maneno. "Lakini hii kitu ni tamu, unaiskia? Hebu tuiache tu hivi." Nikanyamaza. Kwa mwendo wa themanini hata stering mbovu huonekana tamu.

Tukaingia Section 58, kwangu hapo Nakuru, giza likianza. Geti yangu ni nyembamba na barabara ya mbele ni nyembamba zaidi, lazima uingie kwa rivasi, na jirani alikuwa amepaki vibaya kama kawaida. Jamaa akasimama, akaweka rivasi, akashika stering kwa mikono miwili akavuta. Akavuta tena amekaza meno. Mpira ukalia. Akageuka akaniangalia na jasho kwenye paji la uso.

"Toka basi unisukume kidogo," akasema, "itembee ndio nikate."

Nikatoka. Mlinzi akaja kunisaidia.