Sinibiotiki si dawa ya kuku

"Ni dawa ya nini hii?" huuliza mfugaji akiona pakiti ya sinibiotiki. Si dawa. Ni bakteria rafiki, mara nyingi Lactobacillus au Bacillus, waliofungwa pamoja na riziki yao: nyuzinyuzi kama inulini, ambazo kuku hazimeng'enyi ila bakteria hao huzila. Wakijaa utumboni, salmonela, bakteria wa ugonjwa, hukosa pa kushika. Wazo lenyewe la zamani: mwaka 1973 Nurmi na Rantala wa Finland waliwapa vifaranga bakteria kutoka utumbo wa kuku wakubwa, na salmonela ikapata shida kuwaingia.

Sasa anayesema "nikiwapa hii, chanjo ya nini?" ajiandae kuchimba shimo la kuzikia kuku. Magonjwa ya mdondo na Gumboro huletwa na virusi. Hapo ni chanjo tu. Kuhara damu nako kuna dawa yake, na randa kavu ya kutandika bandani.

Dhana inayokula hela nyingi ni hii: "weka tu kwenye maji." Maji yapi? Ya bomba yana klorini, na kazi ya klorini ni kuua bakteria, haiulizi nani rafiki. Tumia maji safi yasiyotiwa dawa, changanya yale watakayomaliza kwa saa chache, na usichanganye na antibiotiki. Dozi ya antibiotiki ikiisha, hapo ndipo utumbo uliofagiwa unahitaji wageni wema. Nimeshaona kopo limekaa dirishani, jua la saa saba linalipiga, mwenyewe analalamika kauziwa feki! Soma lebo: Bacillus hujifungia kwenye ganda gumu na kuhimili joto, hata la mashine ya kutengeneza chakula cha punje. Lactobacillus hana ganda hilo.

"Nikizidisha kipimo, broila watawahi kilo mbili?" Hapana. Banda likiwa safi na chakula kizuri, tofauti inaweza kuwa ndogo mno. Faida huonekana zaidi kuku wakiwa na msukosuko, kama joto kali au msongamano.

Ukitaka kujua kwako inalipa, usimuulize muuzaji. Gawa vifaranga 100 wa siku moja, 50 wapate, 50 wasipate, banda lile lile na kizuizi katikati. Pima chakula kila upande, na kila wiki kamata kumi kumi uwaweke kwenye mizani.