Dembo lichorwe kwenye ramani kabla ya viwanja

Mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Lubumbashi bado inauma, lakini kule kwenye dembo, bonde lenye majimaji, mama mmoja amekwisha kumwagia lenga-lenga yake, yaani mchicha, ndoo ya kumi. Mvua ilikoma Aprili, haitarudi mpaka Oktoba au Novemba. Juu mtaani ni vumbi jekundu tupu. Huku bondeni unachimba kidogo tu, maji yanachuruzika. Ndiyo maana bukari yetu, yaani ugali, haikosi mboga hata kiangazi.

Dembo hilohilo wauza viwanja wanalimezea mate. Kiangazi linadanganya macho. Vigingi vinapigwa, matofali yanapanda, halafu Januari maji yanaingia chumbani bila hodi. Mpangaji wa mji anayeijua kazi yake hulichora kama eneo la bustani tangu mwanzo: masika linameza maji ya mitaa ya juu, kiangazi linalisha watu. Ukilijenga, kazi hiyo utailipia kwa mifereji ya saruji.

Ila kwetu unyevu peke yake hautoshi. Mji ulianzishwa 1910, na mwaka uliofuata Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji ambayo urithi wake ulikuja kushikwa na Gécamines, kampuni ya serikali, ikaanza kuyeyusha shaba hapa. Kwa miongo mingi pepo za kusini-mashariki zilisukuma moshi wa kiwanda kuelekea kaskazini-magharibi, na metali za shaba, zinki, risasi na kadimiamu zikatua ardhini. Pita Penga Penga, kwenye njia ya moshi huo, uone udongo ulivyobaki uchi. Metali haiozi.

Hapo watu wengi hukosea, wakidhani kuosha mboga kunamaliza sumu yote ya metali hizo. Risasi nyingi hukaa kwenye vumbi lililoganda juu ya jani, kwa hiyo maji safi husaidia. Kadimiamu hupanda kupitia mizizi ikaingia ndani ya jani lenyewe. Hata uoshe mara saba, haitoki. Mboga za majani huibeba zaidi kuliko nyanya. Udongo ukiwa mchachu, metali hizi hufunguka na kunyonywa kwa urahisi; chokaa na samadi huzifunga, ingawa haziziondoi. Palipochafuka sana, lima kwenye matuta ya udongo safi ulioletwa, au panda miti ya kivuli, uache mboga kabisa.

Kupima si uchawi. Chukua udongo wa sentimita 20 za juu, sehemu kumi au kumi na tano za bustani, changanya kwenye ndoo ya plastiki, toa kiasi cha kilo moja upeleke maabara. Maji ya kumwagilia nayo yapimwe, hasa kama mto umepita karibu na machimbo. Majibu ya namna hiyo yakikusanywa mtaa kwa mtaa, ndiyo ramani ninayotaka iwe mezani siku viwanja vinapogawanywa.

Nilipomweleza yule mama wa dembo habari ya chokaa, kwamba faida yake ni ya miaka, alitua ndoo. "Sawa, baba. Na wakiuza hapa mwakani, chokaa yangu nitaihamisha na toroli?"