Maranda ya mbao zenye dawa yasiingie kwenye mboji

Swali: Nipo Mafinga. Nachukua vumbi la mbao bure karakanani, nachanganya na samadi kupata mboji ya chainizi. Kuna madhara?

Inategemea mbao zenyewe. Vumbi la msindano au mkaratusi usiotiwa kitu halina neno. Huoza polepole tu, kwa hiyo zidisha samadi. Hatari ni mbao zenye dawa. Nguzo na mbao nyingi za kupaulia hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki ili mchwa na kuvu wasizile. Aseniki ikimwingia mtu kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ngozi, ya mapafu na ya kibofu.

Si itaoza, dawa iishe?

Haiishi. Aseniki ni elementi, hakuna kijidudu wala joto la mboji linaloivunja. Mbao inaoza na kupungua, sumu inabaki humo au inashuka udongoni. Mvua ikipiga, udongo huo unarukia majani ya mboga. Karoti ndiyo inakulia humo humo.

Nitazitambuaje?

Tazama pale zilipokatwa: mara nyingi utaona ukijani pembeni, katikati pamebaki peupe. Lakini mbao ya zamani hupauka ikawa ya kijivu, na dawa bado imo. Muulize fundi. Nguzo nyeusi inayonuka kama lami imetiwa kreosoti, dawa nyingine ya mbao, nayo usiiweke.

Na zenye rangi?

Usiweke. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake (cha madini hayo) kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Basi nizichome, nipate majivu ya bustani?

Hapana, tafadhali. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote, maana baridi ya Juni na Julai ikikaza huku kwetu, kila kipande cha mbao kinaishia jikoni au kwenye moto wa kuota. Aseniki nyingine hupanda na moshi mnaouvuta, nyingine hujikusanya kwenye majivu, na ng'ombe hupenda kulamba majivu. Wapo waliokufa kwa kulamba ya namna hiyo.

Nilishaweka mwaka jana. Nifanyeje?

Okota vipande vinavyoonekana, mboji iliyobaki usiitumie. Hapo panda maua, mboga zihamishie kwingine. Watoto wanaochezea udongo huo wanawe mikono kabla ya kula, na umwone afisa afya wa kata akushauri pa kupeleka mabaki.