Kwa nini chemsha bongo haichoshi?

Kitendawili! Tega! Kuku wangu katagia miibani.

Mtoto wa Kiwangwa, huko Bagamoyo kwenye mashamba ya mananasi, hapotezi muda: nanasi. Aliyekulia mbali na mashamba hayo huanza kukuna kichwa, na raha yote iko hapo kwenye kukuna.

Mwaka 1994 mwanasaikolojia George Loewenstein aliufananisha udadisi na pengo: unajua kiasi, halafu unagundua kipande kimepungua. Usichokijua hata chembe hakikuwashi. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliwauliza watu maswali 40 huku mashine ikipiga picha ubongo wao. Maswali yaliyowavuta zaidi ni yale ambayo jibu walilihisi tu, bila hakika. Na udadisi ulipopanda, ilichangamka sehemu ya ubongo inayohusika na kutarajia zawadi.

Wazee hawakuwa na mashine, lakini walijua kuitia bei hamu hiyo. Umeshindwa? Hupewi jibu bure. "Nipe mji." "Nimekupa Tanga." Mtegaji anaupokea, anajisifu alivyokwenda Tanga akala akashiba, nawe unangoja roho juu. Ndipo anakutegulia.

Kukosea nako kuna faida yake. Uliza barazani: Livingstone alizikwa wapi? Kuna atakayejibu Bagamoyo, tena kwa kiapo. Mwili wake ulifika Bagamoyo mwaka 1874, ukalazwa misheni, kisha ukasafirishwa hadi London na kuzikwa Westminster Abbey. Moyo ulikuwa umeshazikwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Majaribio yameonyesha kwamba kosa lililosemwa kwa uhakika mkubwa, likisahihishwa papo hapo, ndilo aghalabu hukaa sawa kichwani kuliko lile la kubahatisha. Ule mshtuko humfanya mtu atege sikio. (Aliyeapa hasahau, na wenzake hawamsahaulishi.)

Ukiandaa chemsha bongo ya baraza, maswali kumi yanatosha: matatu mepesi ya kuwaingiza watu mchezoni, matano ya katikati, mawili magumu. Magumu yakitangulia, wageni wananyamaza na wajuzi wawili wanabaki wanashindana peke yao. Ukishauliza, hesabu kimyakimya hadi kumi. Waendeshaji wengi huharibu hapa: wanaogopa kimya, wanatoa jibu mapema, na hamu inakufa kabla haijaiva.

Balaa kubwa zaidi ni swali lenye majibu mawili. Ukiuliza "Makao makuu ya utawala wa Wajerumani yalikuwa wapi?" mmoja atasema Bagamoyo, mwingine Dar es Salaam, na wote wana haki, kwa kuwa yalihamishwa mwaka 1891. Kahawa itapoa watu wakibishana. Ongeza maneno mawili, "mwaka 1890", kisha uliza upya.