Mafua au influenza? Anza na swali la saa

Juni ikiingia, mawingu huitanda Nairobi na jua likawa la kuombea mpaka Agosti. Ndio msimu ambao mabenchi ya zahanati zetu hujaa wanaokohoa, na karibu kila mmoja akifika mbele ya mhudumu hujieleza kwa maneno yale yale: "Daktari, nina homa." Aliyechuruzika pua tangu juzi lakini akapanda matatu mwenyewe kutoka Githurai atasema hivyo. Aliyeletwa ameshikwa mikono huku na huku atasema hivyo pia. Wa kwanza huenda ana mafua ya kawaida. Wa pili huenda ana influenza, na huyo hatuwezi kumpa kikombe cha chai ya tangawizi tukamwambia arudi akizidiwa.

Katika mafunzo tunayowapa wahudumu wa afya ya jamii, swali la kwanza tunalowafundisha kuuliza ni hili: ilianza saa ngapi? Mwenye mafua husitasita. Koo liliwasha Jumapili, au pengine Jumamosi jioni, chafya zikafuata, kesho yake pua ikaziba. Ugonjwa ulimjia hatua kwa hatua na yeye akiendelea na shughuli zake. Mwenye influenza mara nyingi hukutajia saa yenyewe: "Nilikuwa sawa mpaka saa nane mchana, saa kumi nikawa natetemeka." Kuanza kwa ghafla namna hiyo, pamoja na joto la mwili la kupanda na uchovu wa kulaza mtu, hututenganishia magonjwa haya mawili vizuri kuliko dalili yoyote ya puani.

Tofauti hiyo ina chanzo chake. Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya aina zaidi ya 200, vinavyoongoza vikiwa virusi vya raino, na vingi vyake hukaa puani na kooni, ambako ndiko shida iliko. Influenza ya msimu huletwa na virusi vya kundi A na B tu, ila hivi hushuka zaidi kwenye njia ya hewa na kuuamsha mfumo wa kinga kwa kishindo. Kemikali ambazo kinga huzimwaga kwenye damu ndizo zinazopandisha joto mpaka nyuzi 39 au 40 na kuufanya mwili uume kama uliotwangwa kinuni. Virusi vyenyewe havijaingia kwenye misuli ya mgongo wala ya mapaja.

Kwa mtu mzima basi, pua na chafya zikitangulia, koo likiwasha na joto likiwa la kawaida au kidogo tu, hayo ni mafua. Hukolea siku ya pili au ya tatu na kwa kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi kinaweza kubaki nyuma kwa wiki mbili tatu. Joto kali, kichwa kuuma, viungo kuuma, kikohozi kikavu na kukosa hata nguvu ya kushika simu vinaelekeza kwa influenza. Joto lake hudumu siku tatu au nne hivi, na uchovu unaweza kumfuata mtu zaidi ya wiki mbili. Kwa watoto kanuni hii hulegea, maana mtoto anaweza kupata joto kwa mafua ya kawaida tu. Na kwa wazee hugeuka kabisa: shosho wa miaka 75 anaweza kuwa na influenza bila joto lolote, dalili pekee ikiwa ameacha kula na amechanganyikiwa.

Niseme wazi kwamba bila kipimo cha maabara hakuna awezaye kuapa. Tangu UVIKO-19 iingie nchini Machi 2020, imekuwa na sura zinazofanana na zote mbili. Kinachofanyika zahanati ni kukadiria kwa busara, na kukadiria huko kunatosha kwa wengi.

Ila hapa Nairobi kuna swali la pili ambalo haliepukiki: umetoka wapi? Jiji hili liko juu, na maambukizi ya malaria hapa ni machache sana, lakini watu wake hawakai mahali pamoja. Leo mtu yuko Kayole, wiki mbili zilizopita alikuwa matangani Siaya au likizoni Kilifi. Malaria kwa kawaida hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu aliyeambukizwa, wakati msafiri amekwisha kusahau safari. Huanza na joto, baridi ya kutetemesha, kichwa na maumivu ya mwili, kwa hiyo ni rahisi kudhani ni influenza. Aliyetoka maeneo hayo apimwe damu siku hiyo hiyo joto linapoanza, hata kama pua inachuruzika. Kununua dawa za malaria bila kupimwa ni kosa jingine, na tunaliona sana.

Swali la tatu ni la msimu huu wa baridi, na watu hushangaa tukiliuliza: mnalala na jiko ndani? Moshi wa makaa una hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Familia nzima ikiamka na kichwa kinachogonga, kichefuchefu na mwili mlegevu, bila joto na bila kikohozi, kisha wakapata nafuu wakitoka nje, hiyo si influenza. Toeni jiko, fungueni mlango na madirisha, mwende hospitali mara moja. Kila mwaka kuna watu wanaofariki hivyo katika nyumba za chumba kimoja, dirisha limezibwa kwa nguo ili baridi isiingie.

Turudi kwenye mafua na influenza, maana penye fujo kubwa ni kwenye duka la dawa. Mtu hufika, husema "nipe dawa ya homa," naye hutoka na vidonge vya mafua, paracetamol ya kando, na kapsuli nne za antibiotiki zilizokatwa kwenye pakiti. Antibiotiki haziui virusi, iwe vya mafua au vya influenza. Kamasi ya kijani pia si ushahidi kwamba zinahitajika. Rangi hiyo hutokana na seli za kinga zilizokuwa kazini, na huonekana hata kwenye mafua yanayokwisha yenyewe. Zile kapsuli nne zinawafunza bakteria waliomo mwilini kuizoea dawa, basi. Hatari nyingine haitajwi sana: vidonge vingi vya mafua tayari vina paracetamol ndani. Anayeongeza paracetamol juu yake anaweza kupita kiwango cha gramu 4 kwa saa 24 bila kujua, na anayeumia ni ini. Soma pakiti. Aspirini nayo asipewe mtoto wala kijana aliye chini ya miaka 18 mwenye dalili hizi, kwa sababu inahusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini hushambulia ubongo na ini.

Tangawizi, ndimu na asali sina ugomvi navyo. Havitibu, ila vinatuliza koo na vinamfanya mgonjwa anywe maji ya kutosha. Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Kujifukiza ndiko nisikokupenda: sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi, na mtoto pembeni, huishia kwenye wodi ya walioungua.

Influenza ina dawa yake halisi, oseltamivir, inayotolewa kwa agizo la daktari. Hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili ya kwanza, na hapo ndipo lile swali la saa linapokuwa na uzito. Kijana mwenye afya haihitaji. Apumzike, anywe maji, ashushe joto. Wanaopaswa kufika hospitali mapema ni wajawazito, watoto wadogo hasa walio chini ya miaka miwili, wenye miaka 65 na zaidi, na wenye pumu, kisukari, selimundu, ugonjwa wa moyo au VVU. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba influenza ya msimu huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kwa mwaka duniani, na wengi wao hutoka katika makundi kama haya.

Kwa mtoto, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni ishara ya nimonia, usingoje kesho. Kifua kinachobonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu, degedege au kulegea ni sababu za kuondoka nyumbani hata usiku. Mtu mzima aliyepata nafuu kisha joto na kikohozi vikamrudia kwa nguvu naye arudi hospitali. Mara nyingi hapo ni bakteria walioingia kwenye mapafu yaliyokwisha dhoofika, na ndipo antibiotiki zinapokuwa na kazi.

Chanjo ya influenza hupatikana Nairobi, zaidi katika hospitali za binafsi na kwa malipo. Hurudiwa kila mwaka kwa kuwa virusi hubadilika, na huchukua kama wiki mbili kujenga kinga. Haizuii mafua ya kawaida, ndiyo maana utasikia mtu akilalamika kwamba alichanjwa na bado pua ikamchuruzika. Ile ya sindano haina virusi hai, kwa hiyo haiwezi kukuambukiza influenza.

Mgonjwa wa influenza huanza kuambukiza siku moja kabla ya dalili na huendelea kwa siku 5 hadi 7 hivi. Ushauri wetu ni akae nyumbani mpaka zipite saa 24 bila joto na bila dawa ya kulishusha. Najua kibarua wa Industrial Area na mama mboga anayefika Marikiti alfajiri hawana siku za ugonjwa za kulipwa. Ikibidi utoke, vaa barakoa, na ndani ya matatu kaa dirishani, ulifungue hata abiria wenzako wakinung'unikia baridi.