Bidhaa ikilala ghalani, nani anailipia?

Muulize muuzaji wa mtandaoni ghala linamgharimu kiasi gani, naye atakutajia kodi ya chumba, au ada ya uhifadhi anayokatwa na jukwaa analouzia. Kodi ina risiti, ndiyo maana haisahauliki. Lakini bidhaa humla mwenyewe kwa njia nyingine pia: kila siku inapolala, kila mara inaposhikwa na mkono wa mtu, na kila inaposafirishwa ikiwa imezungukwa na hewa. Katika mafunzo tunayotoa kwa wauzaji wadogo, huwa tunaanza na hiyo hewa, kwa kuwa inaweza kupunguzwa ndani ya wiki moja bila mtaji mkubwa.

Kampuni za vifurushi haziangalii uzito wa mzani peke yake. Hupima pia uzito wa ujazo: urefu mara upana mara kimo, vyote kwa sentimita, kisha jibu hugawanywa kwa namba maalumu. Kwa vifurushi vya kimataifa, kampuni kama DHL, FedEx na UPS hugawanya kwa 5,000. Uzito utakaokuwa mkubwa kati ya hizo mbili ndio utakaolipiwa. Sasa chukua bidhaa ya kilo 1 iliyowekwa ndani ya boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Ujazo wake ni 24,000; ukigawanya kwa 5,000 unapata kilo 4.8. Yaani mteja ameletewa kilo moja ya bidhaa, wewe umelipia karibu kilo nne za zaidi ambazo hazipo. Bidhaa hiyohiyo ikienea kwenye boksi la 30 kwa 20 kwa 10, uzito wa ujazo unashuka hadi kilo 1.2.

Kwa hiyo pima kwanza bidhaa zako zinazotoka sana, halafu ndipo uagize maboksi. Saizi tatu au nne zinawatosha wauzaji wengi. Zikizidi hapo, mfungashaji hupoteza muda akichagua, na maboksi yenyewe huanza kula nafasi ya bidhaa. Nguo na vitu visivyovunjika havihitaji boksi kabisa, mfuko mgumu wa kufungia unatosha. Tahadhari moja: usibane matumizi kwenye vitu vya kukinga bidhaa dhidi ya mishtuko. Kitu kikifika kimevunjika, utalipia safari ya kwenda, mara nyingi na ya kurudi, kisha utalipia safari nyingine ya kupeleka kizima.

Tuje kwenye bidhaa zinazolala. Amazon, ambayo ilianza huduma yake ya kuwahifadhia na kuwasafirishia wauzaji mwaka 2006, hutoza uhifadhi kwa ujazo kila mwezi. Katika soko lake la Marekani viwango vya Oktoba hadi Desemba huwa juu kuliko vya miezi mingine, na bidhaa iliyokaa zaidi ya siku 180 huanza kuongezewa ada ambayo hupanda kadiri inavyozidi kukaa. Ujumbe wa mfumo huo hauna fumbo: ghala si mahali pa kusahaulia vitu. Hata anayehifadhi nyumbani kwake analipa, ila analipa kwa mtaji uliofungwa ndani ya maboksi wakati bidhaa inayouzika imekwisha na hana cha kuinunulia.

Hesabu ya kukuonyesha kilichododa ni nyepesi. Gawanya idadi uliyonayo kwa wastani wa mauzo ya siku. Vipande 300 vinavyotoka viwili kwa siku vitakaa siku 150. Je, umepanga kukaa navyo miezi mitano? Kama hapana, shusha bei, viunge na bidhaa inayotoka haraka viuzwe pamoja, au viondoe ghalani kabisa. Wengi hukwama hapa wakisema hawawezi kuuza chini ya bei ya kununulia. Bei ya kununulia imeshalipwa na hairudi kwa kusubiri. Linalobaki kuamuliwa ni kama utaendelea kulipia uhifadhi wake.

Kudoda mara nyingi huanzia kwenye kuagiza kupita kiasi. Mwaka 1913 mhandisi Mmarekani Ford Whitman Harris alichapisha kanuni ya kiasi nafuu cha kuagiza, na bado inafanya kazi. Zidisha mara mbili mahitaji yako ya mwaka kwa gharama ya kuagiza mara moja, gawanya kwa gharama ya kuhifadhi kipande kimoja kwa mwaka, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Ukiuza vipande 1,200 kwa mwaka, kila agizo likigharimu 50 na kuhifadhi kipande kukigharimu 3, jibu ni vipande 200 kwa kila agizo. Kanuni hiyo hudhani mauzo hayabadilikibadiliki, kwa hiyo ichukue kama dira. Faida yake kubwa ni kukupa namba ya kushika mkononi pale msambazaji anapokushawishi uchukue 1,000 kwa punguzo.

Ndani ya ghala, pesa nyingi huishia miguuni. Kuokota bidhaa za oda ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya gharama za uendeshaji, na anayeokota hutumia muda mwingi akitembea. Weka zinazotoka sana karibu na meza ya kufungia, kwenye rafu za usawa wa kiuno. Zinazotoka mara mojamoja zipande juu au ziende nyuma. Zinazonunuliwa pamoja zikae jirani. Kisha kusanya oda kumi au ishirini uziokote kwa mzunguko mmoja, badala ya kwenda na kurudi kwa kila oda.

Kila rafu iwe na namba, na kila namba iandikwe mahali. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari linaweza kuwa programu ya simu inayosoma misimbo pau (barcode). Hesabu bidhaa chache kila siku, hasa zile zinazotoka sana, badala ya kufunga ghala zima mara moja kwa mwaka.

Mwisho lipo swali tunaloulizwa kuliko yote: nihifadhi mwenyewe au nimpe mtoa huduma wa kuhifadhi na kusafirisha? Jumlisha kodi, mishahara, vifungashio, usafirishaji na marejesho (bidhaa zinazorudishwa na wateja) ya mwezi mmoja, ugawanye kwa idadi ya oda zilizotoka. Usijisahau kujilipa saa unazofungasha usiku. Ukishapata gharama ya oda moja, mwombe mtoa huduma akutajie ada zote: ya kupokea mzigo, kuhifadhi, kuokota, kufungasha, kushughulikia marejesho, na kiwango cha chini cha malipo ya mwezi, ambacho humuumiza zaidi mwenye oda chache. Unaweza pia kugawa: zinazokimbia ziende kwa mtoa huduma, zinazojikokota zibaki kwako, ambako hakuna anayekuongezea ada kwa kila mwezi zinapochelewa.