Picha ya blaki en waiti haitaki wino mweusi peke yake

Kuna hii imani kwamba ukitaka kuprinti picha ya blaki en waiti unaingia tu kwenye setingi unaweka wino mweusi peke yake, basi imeisha. Sio hivyo. Printa haiwezi kuufifisha wino mmoja, inachofanya ni kutawanya vidoti vyeusi vilivyoachana ili jicho lione kijivu, sasa zile sehemu zenye mwanga kama anga au shavu la mtu unakuta zina chengachenga. Ndo maana Epson walipoleta wino wa K3 mwaka 2005 waliweka weusi wa ngazi tatu, mweusi wenyewe na vijivu viwili, na hata hapo printa inachanganya rangi kidogo ili kijivu kisiegemee kijani au zambarau.

Halafu karatasi, hapa ndo wengi wanateleza. Wino mweusi wa glosi (wa karatasi zinazong'aa) na mweusi wa mati (wa karatasi zisizong'aa) ni vitu viwili tofauti kabisa. Ule wa glosi ukiuweka kwenye karatasi ya pamba isiyong'aa, weusi unatoka umepauka kama jinzi iliyofuliwa sana, na wa mati kwenye glosi haushiki vizuri, ukipitisha kidole unatoka. Kwa hiyo chagua karatasi kwanza, wino ufuate. Na ile nyeupe pee inayovutia dukani (mi siipendi) mara nyingi imetiwa kemikali za kung'arisha, zikichoka karatasi inaanza kuonekana ya njano, kwa picha ya kukaa ukutani miaka mingi, bora ile yenye weupe wa maziwa.